Kompyuta Yaganda Kila Mara? Isome Kabla ya Kuifomati

"Ifomati tu." Hilo ndilo neno linalotangulia Mombasa mtu akipeleka kwa fundi kompyuta inayoganda, na mara nyingi mwenye mashine ndiye anayelisema, kabla fundi hajagusa hata skrubu. Basi inafomatiwa. Siku chache inakwenda vizuri, kisha inaganda vile vile, na sasa picha za harusi, kazi za chuo na hesabu za duka hazipo tena.

Kufomati hutibu maradhi ya programu peke yake. Hakupozi prosesa (ubongo wa kompyuta) iliyozibwa na vumbi, hakufufui hadidiski (diski inayohifadhi vitu vyako) iliyochoka, hakusafishi meno ya RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) yaliyoshika uchafu, wala hakutulizi stima inayopanda na kushuka. Hapa pwani, penye joto, unyevu na hewa ya chumvi, hayo manne nayashuku kabla ya virusi na kabla ya Windows. Tena kompyuta yenyewe husema shida yake iko wapi: kwa namna inavyoganda, kwa saa inapoganda, na kwa kazi iliyokuwa ikifanya. Dalili hizo ndizo tutakazozifuata.

Lakini kabla hujafungua kasha wala kubadilisha chochote, okoa vitu vyako. Chomeka diski ya nje au fleshi nzima unayoiamini, unakili kwanza visivyopatikana tena: picha za familia, vyeti vilivyoskaniwa, kazi ulizoandika mwenyewe. Filamu ziache mwisho, hizo zitapatikana. Ikiwa shida ni diski inayokufa, saa unayoipoteza ukijaribu mambo mengine ndiyo saa ambayo ungeitumia kuokoa picha ya marehemu babu.

Ni kuganda, au ni kukawia?

Watu huita mambo matatu tofauti kwa jina moja. La kwanza ni intaneti: ukurasa hauji, duara linazunguka, lakini mausi inatembea, na ukifungua Notepad unaandika bila taabu. Hapo kompyuta haina kosa. Kebo za intaneti zinazopita baharini zilianza kutua Mombasa mwaka 2009, lakini kati ya kebo hizo na sebule yako kuna waya, ruta na kifurushi, na kimojawapo kikilegea ukurasa hauji. Fungua tovuti ile ile kwa simu iliyo kwenye Wi-Fi hiyo hiyo. Ikikwama huko pia, iache kompyuta.

La pili ni programu moja kukwama. Dirisha lake linafifia, juu pameandikwa Not Responding, lakini madirisha mengine yanafanya kazi. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, Task Manager ifunguke, uifunge programu hiyo peke yake. Ikiwa daima ni programu ile ile, shida ni yake: isasishe, au iondoe uiweke upya.

La tatu ndilo kuganda kwenyewe: mausi haisogei, saa ya pembeni imesimama, na pengine kipande cha sauti kinajirudia bila kukoma. Hapo usikimbilie swichi. Bonyeza Caps Lock utazame taa yake. Ikiwaka na kuzima kila unapobonyeza, moyo wa mfumo bado unapiga. Mara nyingi unasubiri diski ijibu, au draiva ya picha, programu ndogo inayoendesha kadi ya picha, imeanguka. Subiri dakika chache. Kisha bonyeza kwa pamoja Windows+Ctrl+Shift+B: skrini itapepesa na draiva ya picha itaanza upya. Kama picha ilirudi hapo hapo, umeshajua pa kuanzia. Taa isipojibu kabisa, mashine nzima imesimama, na hapo shaka inahamia kwenye RAM, joto, stima, madabodi (ubao mkuu unaounganisha vifaa vyote vya ndani), au draiva iliyoharibika vibaya. Kipimo hiki kinataka kibodi yenye taa. Kibodi nyingi zisizo na waya hazina.

Ukilazimika kuizima, shikilia kitufe cha kuwashia mpaka izimike, kama sekunde 5 hadi 10. Taa ya diski ikiwa bado inametameta, ngoja itulie kwanza, maana huenda bado kuna kinachoandikwa.

Ikishawaka, andika kwenye daftari saa ilipoganda, ulikuwa ukifanya nini, na stima ilikuwaje. Halafu andika perfmon /rel kwenye kisanduku cha kutafutia cha Windows. Itafunguka chati ya siku kwa siku yenye alama nyekundu palipotokea hitilafu, na ukiitazama pamoja na daftari lako mara nyingi mwelekeo unajitokeza wenyewe. Kwenye Event Viewer, daftari la matukio la Windows yenyewe, utakuta pia Kernel-Power 41, ambayo huwatisha wengi. Hiyo inasema tu kwamba mashine ilizimika bila kufungwa sawasawa. Haisemi kwa nini. Lakini ukikuta maonyo ya diski yenye namba 7, 129 au 153 yakijirudia, ruka moja kwa moja mpaka kwenye sehemu ya hadidiski, "Yasimama kidogo, kisha yarudi".

Yaanza vizuri, yaganda ikishapata moto

Asubuhi ni nzima. Baada ya nusu saa ya video, au mtoto akianza mchezo wake, inaganda. Usiku inastahimili, adhuhuri haiwezi. Feni inavuma bila kupumzika na sehemu ya chini ya laptopu haishikiki. Huo ni mtindo wa joto, na msimu wa kaskazi, kati ya Disemba na Machi, ndio unaoufichua, kwa sababu mchana wa Mombasa hupita nyuzi 30 na kompyuta hupozwa kwa hewa ile ile ya chumba ilimo. Chumba kikiwa moto, feni inapuliza moto.

Jambo moja la kuangalia kwa makini: prosesa za kisasa hujilinda. Zikikaribia nyuzi 100 hivi hujipunguzia kasi, na zikizidi huzima mashine. Kwa hiyo joto la prosesa peke yake mara nyingi huonekana kama kukawia kunakoishia kwa kuzimika ghafla. Ikiganda na picha ikabaki imetulia kwenye skrini, angalia pia kadi ya picha, diski, na vile vipande vidogo vya umeme vinavyoizunguka prosesa kwenye madabodi. Navyo huungua, na vingi havina feni yake.

Kipimo cha kompyuta ya mezani ni rahisi na hakigharimu kitu. Ondoa ubavu wa kasha, elekeza feni ya nyumbani ndani, uitumie kama kawaida mchana kutwa. Isipoganda, umempata mchawi. Ukitaka namba, weka HWMonitor, programu inayoonyesha joto la vifaa. Prosesa inayozidi nyuzi 90 kwa kazi za kawaida tu, kama kuandika barua na kutazama video moja, haipumui. Usiiache wazi hivyo kwa siku nyingi lakini, maana utaijaza vumbi jipya.

Na vumbi letu si la kavu. Fungua mashine iliyokaa sebuleni miaka kadhaa bila kuguswa, nyumba ya Majengo au Mji wa Kale, ung'oe feni iliyo juu ya prosesa. Chini yake, badala ya zile mbavu nyembamba za alumini, utakuta utando wa kijivu ulioshikana, unaonata kidogo ukiugusa. Hapo mna nyuzi za zulia, unyevu wa bahari, mvuke wa mafuta kutoka jikoni, na moshi wa udi na buhuri. Ukipuliza, hautoki. Unabanduka kwa brashi, mara nyingine kipande kizima kikiwa na umbo la feni. Nimeona mashine zilizokuwa zimeandikiwa hukumu ya kufomatiwa zikipona kwa kubanduliwa utando huo tu.

Kusafisha kwenyewe: chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache ili umeme uliobaki ndani uishe, kisha itoe nje barazani. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa chochote ndani, ili umeme tuli ulio mwilini mwako utoke. Tumia brashi laini mpya na kipulizio, na shikilia mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke unapopuliza, maana kuzungushwa kwa nguvu huharibu feni. Usipulize kwa mdomo, mate ni maji. Ukilitoa bamba la kupozea lililo juu ya prosesa, ni lazima ufute grisi ya zamani kwa alkoholi ya isopropili na kuweka mpya, tone la ukubwa wa punje ya mbaazi, katikati. Grisi iliyokauka na kupasuka hailipitishi joto hata feni iwe mpya.

Laptopu isikae juu ya godoro wala mto, kwa sababu nyingi huvuta hewa kutoka chini. Kasha la mezani lisifungiwe kabatini, wala lisiwekwe chini ya dirisha linalopokea upepo wa bahari. Na chetezo kipelekwe upande mwingine wa chumba.

Yasimama kidogo, kisha yarudi

Hii ndiyo aina ya kuganda ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu hapa ndipo vitu vya watu vinapopotea.

"Fundi, yaganda tu. Nifomatie," alisema mama mmoja wa Kisauni, laptopu ikiwa kwenye mfuko wa kitambaa.

"Yaganda vipi, mama? Mausi yenyewe yatembea?"

"Yatembea. Lakini nikifungua zile picha za harusi ya mwanangu, yasimama. Nangoja, nangoja, kisha yarudi."

"Nyengine zafunguka?"

"Zafunguka. Ni zile tu."

Maneno hayo yalitosha. Kompyuta inayosimama ikiguswa folda moja, ikafikiri, kisha ikarudi, ina diski isiyoweza kusoma sehemu fulani ya uso wake. Inajaribu, inashindwa, inajaribu tena, na Windows yote inaisubiri. Angefomatiwa siku ile, picha alizozitaka ndizo zingekuwa za kwanza kupotea. Diski ilitolewa, vitu vikanakiliwa kwanza kwenda diski nyingine kwa subira ya usiku mzima, na picha chache tu hazikusomeka.

Dalili nyingine za hadidiski ni hizi: taa ya diski inawaka bila kupepesa wakati kila kitu kimesimama, Task Manager inaonyesha Disk 100% huku kasi ya kusoma ikiwa ndogo mno, kunasikika tik-tik inayojirudia, Windows inachukua dakika nyingi kuwaka. Kompyuta nyingi za nyumbani hapa ni za mtumba kutoka ng'ambo, zilizotumika maofisini kabla ya kufika kwetu. Nje zinang'aa, lakini hadidiski iliyomo inaweza kuwa na umri wake.

Pakua CrystalDiskInfo, ni ya bure. Tazama rangi kwanza: bluu ni salama, njano ni tahadhari, nyekundu ni mbaya. Kisha usiishie kwenye rangi. Tafuta Power On Hours, saa ambazo diski imekaa ikiwa imewashwa, ukikumbuka kwamba mwaka mzima bila kuzimwa ni saa 8,760. Halafu shuka kwenye mistari ya 05, C5 na C6. Hizo ndizo sehemu za diski zilizobadilishwa baada ya kuharibika, zinazosubiri kuthibitishwa, na zilizoshindikana kusomeka. Thamani zake halisi zikiwa si sifuri na zikaongezeka wiki hadi wiki, diski inakufa. Mstari wa C7 una habari nyingine kabisa: ukipanda huo wakati ile mitatu imetulia, badilisha kwanza waya wa SATA unaounganisha diski na madabodi. Ni waya wa bei ndogo, na umewaokoa wengi kununua diski wasiyoihitaji.

Onyo: usiendeshe chkdsk /r kwenye diski yenye dalili hizi kabla hujanakili vitu. Amri hiyo husoma diski yote kipande kwa kipande, na diski dhaifu inaweza kufia humo humo. Nakili kwanza. Ukishanakili, hata usihangaike kuitibu, weka SSD, diski ya kisasa isiyo na kinachozunguka ndani. Mashine ya zamani iliyowekewa SSD hubadilika mpaka mwenyewe akashangaa.

Lakini kuwa macho unaponunua. Kuna SSD na fleshi bandia zinazoandikwa terabaiti nyingi nje huku ndani zikiwa na sehemu ndogo tu ya hiyo. Zinapokea mafaili vizuri mpaka ukubwa wake wa kweli ujae, kisha kila kinachofuata kinaharibika bila onyo. Ipime kwa programu ya H2testw kabla ya kuweka chochote cha maana, na umwambie muuzaji mapema kwamba utaipima. Na SSD halali nayo isijazwe mpaka pomoni. Ikibaki nafasi chini ya asilimia 10 huanza kukawia.

Yaganda bila mpango

Leo imeganda ikiandika, kesho ikiwa haifanyi kitu. Mara skrini ya bluu yenye ujumbe huu, mara yenye ujumbe mwingine. Mara haiwaki, inapiga mlio tu. Hapo nashuku RAM.

Tenganisha kwanza RAM ndogo na RAM mbovu. Ndogo huonekana Task Manager: kumbukumbu imefika asilimia 90 na zaidi, na ukifunga Chrome yenye kurasa ishirini kila kitu kinapumua. Windows 11 inakubali kuwekwa kwenye mashine ya GB 4, lakini kukubali kuwekwa na kufanya kazi kwa raha ni mambo mawili. Weka GB 8. Ndani ya Chrome yenyewe, Shift+Esc itakuonyesha ni ukurasa gani unaokula.

RAM mbovu haijali kiasi. Zima, chomoa, toa vipande vyote viwili. Tazama meno yake ya rangi ya dhahabu. Hapa kwetu mara nyingi utayakuta yamefifia au yana madoa kwa sababu ya hewa ya chumvi. Yasugue taratibu kwa kifutio cheupe cha penseli, pangusa makombo yote, futa kwa alkoholi ya isopropili, yakauke. Irudishe mpaka vishikizo vifunge kwa sauti. Kisha tumia kipande kimoja peke yake kwa siku moja, halafu kingine. Ukitaka uhakika zaidi, weka MemTest86 kwenye fleshi uiache ipime usiku kucha. Kosa hata moja likitokea, kuna kipande au tundu bovu. Hamisha kipande kwenye tundu jingine ujue ni kipi kati ya hivyo viwili.

Yaganda jirani akiwasha pampu

Umeme wa Kenya ni volti 240, lakini kinachofika kwenye soketi yako jioni, friji na pampu za mtaa mzima zikiwa zinavuta, kinaweza kuwa kingine. Taa zikififia na kompyuta ikaganda au ikajiwasha upya papo hapo, hakuna haja ya kutafuta kwingine.

Mwenye laptopu ana kipimo kizuri sana: itumie kwa betri peke yake. Isipoganda kwa betri na ikaganda kila unapochomeka chaja, shida ni chaja au stima. Ipime kwa chaja nyingine halisi yenye volti zile zile na ampea zisizopungua. Mausi ya laptopu ikirukaruka ovyo mara tu unapochomeka, au ukisikia chuma cha kasha kinakuwasha mkononi, huenda nyumba haina ethi (waya wa kupeleka stima iliyovuja ardhini) inayofanya kazi. Hilo ni la fundi wa stima, na lisicheleweshwe, kwa sababu hapo si kompyuta tu iliyo hatarini.

Ya mezani, ichomoe kwenye ekstensheni inayobeba televisheni, friji na pasi, uichomeke ukutani peke yake. Gusa plagi baada ya saa moja. Ikiwa moto, soketi imelegea. Ndani ya kasha tazama kapasita kwenye madabodi, zile silinda ndogo zilizosimama. Vichwa vyake vinatakiwa kuwa bapa. Vilivyovimba au kuvuja vimekufa, na mashine yenye hivyo huganda bila kujali umeifomati mara ngapi. Pawasaplai yenyewe usiifungue kamwe hata ikiwa imechomolewa, maana ndani huhifadhi umeme wa kuua. Ya kupima ni kuazima nyingine nzima.

UPS, kifaa chenye betri kinachoshikilia stima ikikatika, husaidia sana hapa, kuliko stabilaiza (kifaa cha kutuliza volti) peke yake, kwa sababu inabeba zile sekunde stima inapokatika na kurudi. Betri yake nayo huzeeka, na joto huiharakisha. Ikianza kuzima papo hapo stima inapopotea, badilisha betri. Usipokuwa na UPS, stima ikipotea chomoa plagi, usubiri irudi na itulie dakika kadhaa ndipo uchomeke.

Na ukiona kibodi ya laptopu imeinuka katikati, au sehemu ya kugusa haibonyezeki tena, betri imevimba. Izime, usiichaji, usiitoboe, mpelekee fundi leo hii.

Mashine nzima, programu mbovu

Sasa tumefika pale ambapo wengine huanzia.

Kipimo kimoja hapa kinazidi vyote. Weka Linux Mint au Ubuntu kwenye fleshi, uiwashe kompyuta kutoka kwenye fleshi hiyo bila kuisakinisha, uitumie mchana mzima: video, mtandao, maandishi. Ikiganda na humo pia, kufomati Windows hakutasaidia kitu, kwa kuwa Windows haikuwepo. Isipoganda, shida imebaki mahali pawili: Windows yenyewe, au hadidiski, ambayo ulikwisha kuipima.

Kwa Windows, anza na jambo dogo ambalo wengi hawalijui. Ukichagua Shut down kila usiku, kwa kawaida mfumo hauzimiki wote. Fast Startup huhifadhi kiini chake kwenye diski na kukirudisha asubuhi, pamoja na kasoro zake. Restart ndiyo inayoanza upya kweli kweli. Mtu anayezima kila siku anaweza kuwa amekaa miezi bila kuanza upya hata mara moja.

Halafu iwashe kwa Safe Mode: shikilia Shift ukibonyeza Restart, ufuate menyu ya Troubleshoot mpaka Startup Settings. Ikiwa nzima humo, kuna draiva au programu inayoiangusha. Kumbuka ulichoongeza kabla haijaanza kuganda. Antivairasi mbili kwa pamoja hugombana. Bakisha moja, na ile inayokuja na Windows inatosha nyumba nyingi. Draiva ya picha ichukue kwenye tovuti ya mtengenezaji wa mashine. Programu zilizovunjwa leseni ziondoe zote pamoja na vile vijiprogramu vya kuziwezesha, maana nyingi huja na mgeni anayetumia prosesa yako kwa kazi zake, na dalili yake ni feni kuvuma wakati hufanyi lolote. Kisha fungua dirisha la amri kama msimamizi, uandike DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, ikimalizika uandike sfc /scannow. Hizo hurekebisha mafaili ya mfumo bila kugusa yako.

Kama bado uko Windows 10, msaada wake wa kawaida ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Hilo halifanyi mashine igande, lakini ukifika mahali pa kusakinisha upya, ndiyo nafasi ya kuamua kuhamia Windows 11 kama mashine inakubali, au Linux kama haikubali.

Na sasa, upozaji ukiwa sawa, diski nzima, RAM safi, stima imetulia, na Safe Mode haigandi, fomati kwa moyo mweupe. Hapo itapona.

Ukienda kwa fundi

Nenda na daftari lako. Fundi mzuri atafurahi kusikia "inaganda baada ya nusu saa, taa ya Caps Lock haijibu, kwa feni ya nje haigandi" kuliko "imeharibika tu". Mwambie asiifomati bila kukuuliza. Mwombe akuonyeshe hali ya diski kwenye skrini mbele yako, na kifaa chochote anachokitoa akurudishie. Andika namba za diski na RAM kabla ya kuiacha. Ikiwa ndani mna picha za familia ambazo hutaki macho mengine yazione, na shida haihusu diski, itoe diski ubaki nayo nyumbani. Fundi anaweza kupima joto, RAM na stima bila hiyo.

Ikibainika ni madabodi, uliza bei ya madabodi ya mtumba ya aina ile ile pamoja na ufundi, kisha uliza bei ya mashine nzima ya mtumba. Mara nyingi hazipishani sana, na SSD uliyonunua inahamia kwenye hiyo nyingine, pamoja na RAM kama ni ya aina moja, DDR3 kwa DDR3 au DDR4 kwa DDR4.